KWA MWENDO WA WATOTO

 Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya hema, na hasa juu ya wale wadogo walalao ndani yake: mtoto wa miaka mitatu, mtoto anayetambaa, na yule mchanga ambaye bado yuko kifuani mwa mama yake.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mchungaji, sisi tuna nyumba zetu. Habari za hema zatuhusu nini?" Zatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, liko hema la furaha. Shule zinapofungwa, makanisa na jamaa nyingi hapa Eldoret hupanga kambi. Wengine huenda kwenye msitu wa Kaptagat, wengine huteremka Bonde la Kerio, na wengine huelekea upande wa Kitale, kwenye mbuga ndogo ya Saiwa. Pili, liko hema la shida, ambalo mtu halichagui. Hilo pia twalijua katika mji huu, na tutalisema baadaye.

Mtoto mchanga hajui tofauti ya mahema hayo mawili. Hajui kama baba yake amekuja kupumzika au amekimbia. Yeye ajua tu kama ana joto au ana baridi, kama ameshiba au ana njaa, kama mama yu karibu au yu mbali. Kwa hiyo yale yanayomlinda katika hema la furaha ndiyo yanayomlinda katika hema la shida, na aliyejifunza katika moja amejifunza kwa yote mawili.

Basi swali tunaloulizwa mara nyingi na akina mama ni hili: "Je, twende kambini na hawa wadogo, au tuwaache kwa nyanya zao?"

Swali hili ni la zamani kuliko tunavyodhani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 10, Musa alisimama mbele ya Farao kuomba ruhusa ya kwenda jangwani. Farao akauliza ni akina nani watakaokwenda. Musa akajibu kwamba watakwenda wote, vijana na wazee, wana na mabinti. Farao hakukubali. Aliwaruhusu wanaume peke yao, na watoto wabaki. Alijua kwamba mwanamume aliyeacha watoto wake nyuma hafiki mbali. Lakini Musa hakulipokea neno hilo. Watu wa Mungu walipotoka, walitoka na watoto mikononi na mgongoni, wakakaa katika mahema pamoja nao.

Basi jibu letu la kwanza ni kwamba watoto waweza kwenda. Lakini hapo hapo yatupasa kuuliza watakwendaje, na jibu la swali hilo twalipata kwa mtu mwingine aliyekaa katika mahema. Huyo ni Yakobo, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Alikuwa akirudi kwao na wake zake na watoto wake, na Esau ndugu yake akamjia na watu 400. Esau akataka waongozane. Yakobo akamweleza kwa upole kwamba watoto ni wororo, na katika mifugo wako wanaonyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi litakufa. Akamwomba ndugu yake atangulie, naye Yakobo atafuata polepole, kwa mwendo wa watoto. Kisha alifika Sukothi, akajenga makao, na hata mifugo akaifanyia vibanda.

Wapenzi, shikeni neno hilo moja: kwa mwendo wa watoto. Hema lenye mtoto mchanga halipimwi kwa nguvu za baba, wala kwa ujasiri wa vijana, wala kwa ratiba ya kamati. Lapimwa kwa yule mdogo kuliko wote waliomo. Kama yeye yu salama, kambi yote i salama.

Sasa twende kwenye hema la shida. Sisi tunaokaa Eldoret hatuwezi kusema neno "hema" bila kukumbuka mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, machafuko yaliingia nchini. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, na mamia ya maelfu wakaacha makwao. Siku ya kwanza ya mwaka 2008, hapa karibu yetu Kiambaa, kanisa walimokimbilia akina mama na watoto lilichomwa moto. Maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret, na uwanja huo ukawa mojawapo ya kambi kubwa kupita zote nchini. Pale ambapo watu walizoea kwenda kutazama ng'ombe wa maziwa na mahindi bora, palisimama mahema meupe mstari kwa mstari, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likihudumu pamoja na makanisa na mashirika mengine.

Mapatano yalitiwa sahihi Februari 28, na mwezi wa Mei serikali ikaanza mpango ulioitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Lakini wengi waliorudi mashambani hawakukuta nyumba, ila majivu na kuta. Wakapiga hema tena, safari hii katika udongo wa shamba. Tena Mei katika Uasin Gishu ni mvua, na baada ya Mei huja Juni, Julai na Agosti, miezi ya baridi. Katika mahema hayo watoto walizaliwa, wakanyonyeshwa, wakajifunza kutembea. Watoto wale sasa ni vijana wakubwa. Wengine huenda wanatusikiliza sasa hivi.

Twasema haya si kuchokonoa kidonda. Twasema kwa sababu shida za namna hiyo hazikuisha mwaka 2008. Aprili 2020 maporomoko ya udongo yalishuka Chesogon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, na mwaka 2024 mafuriko yaliwahamisha watu sehemu nyingi za Kenya. Hema laweza kuwa makao ya yeyote kati yetu, au ya jirani yetu. Basi tujifunze namna ya kumlinda mtoto ndani yake. Tuna mambo sita.

Jambo la kwanza: baridi hutoka chini.

Mji wetu uko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 na pengine chini zaidi. Mzazi akiingia ndani ya hema hutazama juu, kwenye turubai, akidhani baridi itaingia hapo. Akiwa na blanketi tatu, zote tatu humfunika mtoto. Lakini ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi iliyo juu haizuii. Ukiwa na blanketi tatu, weka mbili chini na moja juu. Chini kabisa tandika nyasi kavu, au magunia, au maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, kisha mkeka, ndipo blanketi. Karatasi ya nailoni ya sakafuni isitokeze nje ya hema, maana itakusanya maji ya mvua na kuyaleta chini ya kitanda. Ikunje kingo zake ziinuke kwa ndani kama sinia.

Kwa nini mtoto mchanga apoe upesi kuliko sisi? Kwa sababu ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, na hiyo ngozi ndiyo mlango wa joto kutoka. Chukua sufuria ya uji na kikombe cha uji uviweke nje jioni: kikombe hupoa kwanza. Tena mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri ili kujipasha moto kama mtu mzima. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, kwa hiyo avikwe kofia, na soksi, na nguo kavu. Nguo iliyolowa mkojo au jasho ni adui mkubwa kuliko upepo.

Hata hivyo, kuna mama afungaye mtoto katika mashuka na masweta hata asiweze kupumua. Usipime joto lake kwa vidole, maana vidole vya mtoto mara nyingi huwa baridi. Ingiza mkono wako nyuma ya shingo au juu ya kifua chake. Pakiwa na joto la kawaida na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, mpunguzie. Akikaa baridi kifuani, akawa mlegevu, akakataa kunyonya, hiyo ni hatari: mpashe joto mara moja na mtafute daktari.

Jambo la pili: jiko lisiingie ndani ya hema.

Wapenzi wasikilizaji, kama hamtakumbuka lingine lolote katika hotuba hii, lishikeni hili. Usiku wa baridi moyo wa mzazi husema, "Niingize jiko kidogo, watoto wapate joto, kisha nitalitoa." Si mara moja wala mbili magazeti yetu yameandika habari za jamaa iliyolala salama jioni na jiko la makaa chumbani, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Ikiwa hivyo ndivyo inavyokuwa katika nyumba, sembuse hema lililofungwa zipu mpaka chini?

Makaa yakiungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikerehi koo. Watu husema, "Makaa yakishakuwa mekundu, moshi umekwisha, hatari imekwisha." Sivyo. Moshi ukiisha, hewa hiyo ingalipo. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hata damu hukosa nafasi ya kubeba ile pumzi ya uzima. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, kisha husikia usingizi mtamu. Na mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, basi hudhurika mapema, naye hawezi kusema kwamba kichwa kinamwuma.

Kwa hiyo jiko likae nje. Wala lisiwekwe mlangoni, wala ndani "kwa dakika tano tu". Hata makaa yanayoonekana yamezimika yaachwe nje mpaka asubuhi. Na mshumaa au koroboi navyo visiingie, kwa sababu turubai hushika moto kwa dakika chache, hasa Januari na Februari nyasi zikiwa kavu. Tumia tochi. Mahema yasibanane, yaachane mita mbili hivi kwa uchache, ili moto wa moja usirukie lingine.

Kama wataka joto, pasha maji, yatie katika chupa iliyofungwa vizuri, izungushie kitambaa, uiweke kitandani kabla mtoto hajalala, kisha uiondoe anapolala ili asiungue. Tena acha kitundu cha kupitisha hewa upande wa juu wa hema. Pumzi za watu watano au sita kwa usiku mmoja hugeuka maji kwenye turubai, yakadondoka na kulowesha blanketi. Hema lililofungwa kabisa mwishowe huwa baridi kuliko lile lenye kitundu.

Jambo la tatu: mama ndiye jiko la mtoto.

Mungu alimpa mtoto mchanga chombo cha joto kisichotoa moshi, nacho ni kifua cha mama yake. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa katika hospitali isiyo na vyombo vya kutosha vya kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akawaambia akina mama wawabebe watoto hao kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaroo abebavyo mtoto wake. Njia hiyo imeenea ulimwenguni, na hospitali zetu Kenya huitumia. Kama yawasaidia watoto waliozaliwa wadogo sana, hakika yafaa katika hema. Mvue mtoto, umwachie nepi na kofia, mweke kifuani pako, kisha mjifunike pamoja kwa leso na blanketi. Baba naye aweza kufanya hivyo. Kifua chake kina joto lile lile.

Wakati wa kulala, mtoto alazwe chali, karibu na mama lakini si chini ya blanketi nzito ya watu wazima, wala si kati ya mito, asije akazibwa pumzi.

Na maziwa ya mama, je? Katika kambi hayo ni chakula, ni maji, na ni dawa. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kitu kingine. Katika siku za shida watu wenye huruma huleta makopo ya maziwa ya unga. Nia yao ni njema, lakini maziwa hayo yataka maji safi, chupa iliyochemshwa na vipimo sahihi, na kambini vyote hivyo ni haba. Ukitaka kumsaidia mtoto, mlishe mama yake. Mpelekee uji wa wimbi, mboga, maharagwe, na maji ya kunywa, kisha mmpe nafasi yenye faragha anyonyeshe bila haraka.

Jambo la nne: maji na mikono.

Adui wa mtoto kambini ni kuhara. Maji ya mto yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa na vijidudu. Basi yachemshwe. Lakini hapa kwetu juu kuna jambo la kujua. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Eldoret huchemka kwa nyuzi 93 hivi, kwa sababu ya urefu wa nchi. Kwa hiyo yakianza kutokota usiyaepue hapo hapo. Yaache yatokote dakika tatu, kisha yafunike yapoe.

Kwa mikono, tengenezeni kibuyu chirizi. Twaa jerikani ndogo, itoboe tundu dogo, itundike juu ya mti mbele ya njia ya choo, na sabuni ining'inie kando yake kwa kamba. Mtu mzima hunawa, na mtoto wa miaka mitatu huona ni mchezo, akanawa mara kumi. Choo kiwe mbali na maji, angalau mita 30, na kwa kambi kubwa wanaohudumia wakimbizi huhesabu watu wasiozidi 20 kwa choo kimoja, na maji lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Wala tusidanganyike kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina vijidudu kama cha mtu mzima, au hata kuliko. Kitupwe chooni, na aliyembadilisha mtoto nepi anawe kabla ya kushika sufuria.

Mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti yanayotolewa zahanati, kidogo kidogo kwa kijiko, na aendelee kunyonya. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, au akilia bila machozi, au akipitisha nusu ya siku bila kukojoa, usingoje asubuhi.

Jambo la tano: tazama mahali kabla ya kupiga hema.

Vijana hupenda kupiga hema penye mandhari nzuri. Wewe mwenye mtoto tazama kwanza maji yatapita wapi mvua ikinyesha. Bondeni, mto mkavu ni njia ya maji, hata kama una mchanga laini wa kulalia. Mvua ikinyesha milimani juu, mto utajaa nawe hujaona hata tone. Chini ya genge la Elgeyo tazama pia mteremko ulio juu yako. Chagua mwinuko mdogo, mbali na matawi makavu, uchimbe mfereji kuzunguka hema.

Kumbuka pia kwamba kuteremka ni kubadili nchi. Kaptagat kuna baridi. Chini ya Bonde la Kerio, mita 1,000 na kitu, kuna joto na mbu wengi. Huko neti ya mbu si hiari. Malaria huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza, basi mtoto akishikwa na homa wiki moja au mbili baada ya kurudi mjini, mwambie daktari, "Tulilala Kerio." Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Na jua lisisahauliwe. Hema lililo juani saa sita huwa kama tanuri. Mtoto asiachwe amelala humo peke yake hata kama amelala vizuri. Mlaze chini ya mti penye upepo, mtu akiwa kando yake.

Jambo la sita: vitu vidogo vyenye hatari kubwa.

Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Ikitokea akanywa, usimtapishe, kwa maana yakipanda yataingia mapafuni, mkimbize hospitali. Kamba za hema zifungwe vitambaa vyeupe ili watoto wanaokimbia wazione. Viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa. Na kila mtoto ashoneewe nguoni, kwa ndani, jina lake na namba ya simu ya mzazi, maana usiku mahema yote hufanana.

Hayo ndiyo mambo sita. Yasikilizwapo kwa mara moja yaonekana mazito, na mama mwingine aweza kusema, "Basi heri tukae nyumbani." La, wapenzi. Kwa mwendo wa watoto mzigo huu unabebeka. Kama mtoto wako ni wa wiki chache, ngojeni, Kaptagat haitaondoka. Kama ni mara ya kwanza, pigeni hema uani kwenu usiku mmoja, mkilemewa mwingie ndani. Msipange safari ya Agosti kwa sababu tu shule zimefungwa. Likizo ya Desemba huwa kavu zaidi huku kwetu. Fikeni kambini jua lingali juu, hema lisimame kabla ya giza, na mtoto ale kwa saa zake alizozoea. Ibada ya jioni iwe fupi. Wimbo mmoja, neno moja, sala, kisha walale. Mtoto aogopaye giza hahitaji mahubiri. Ahitaji mkono wa baba ulio karibu na sauti anayoijua.

Na kanisa je? Hapa twawaomba wazee wa kanisa na akina mama wa Mothers' Union watusikie. Siku tunayopiga hema la furaha, tuwapange wenye watoto wachanga mahali pakavu kuliko pote, karibu na maji na karibu na choo, hata kama ndipo mgeni wa heshima alipotazamia kulala. Vijana wachote maji yao na kuwapasulia kuni. Na hema la shida likitokea, tusihesabu tu magunia ya unga tuliyopeleka. Tuulize, "Ni nani mdogo kuliko wote hapa, naye analala juu ya nini?" Mahema ya mwaka 2008 yalikuwa na watoto wa makabila ambayo wazazi wao hawakusalimiana. Baridi iliyotoka chini haikuwauliza jina. Sisi tunaoitwa kwa jina la Kristo tusipungukiwe na huruma hata tukafanana na ardhi ile.

Waalimu wetu wa chuo cha theolojia hutuonyesha jambo moja katika Yohana, sura ya 1, mstari wa 14. Neno la Kiyunani ambalo mwandishi alilitumia kueleza jinsi Mwana wa Mungu alivyokuja kukaa kati yetu ni neno la mtu apigaye hema. Na alipokuja kupiga hema hilo, hakuja mtu mzima mwenye nguvu. Alikuja mtoto mchanga, akafungwa nguo za kitoto, akalazwa penye mifugo, na usiku mmoja wazazi wake wakamchukua wakakimbia naye. Aliyajua mahema ya shida kabla hajajua kusema. Basi ye yote amwekaye mtoto mahali pakavu usiku wa leo, amemwekea Yeye.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke watoto wote walalao chini ya turubai usiku huu, walioletwa na furaha na walioletwa na hofu. Uwape akina mama maziwa na usingizi, uwape akina baba subira. Utufundishe sisi tulio na nguvu kutembea polepole, ili mdogo wetu wa mwisho afike pamoja nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.